Neno "Dira" katika Maandishi Yetu ya Kila Siku

Ni machache maneno ya baharini yaliyopanda nchi kavu na kustawi huko kama lilivyostawi neno "dira". Mwandishi wa habari za michezo huliandika anapoieleza timu iliyofungwa mabao matatu. Kiongozi hulitamka jukwaani. Mwanafunzi wa kidato cha pili hulipachika katika aya ya mwisho ya insha yake, pale anapohisi kwamba insha inahitaji neno zito. Na ukiingia katika ofisi nyingi za umma utalikuta limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, pamoja na mwenzake "dhima". Wengi wetu tunaolitumia hatujapata kukiona chombo chenyewe kwa macho, sembuse kukisoma usiku katikati ya mawimbi.

Hilo peke yake si kosa. Lugha iliyo hai hukua kwa kuyahamisha maneno kutoka kazi moja hadi nyingine, na mshairi ndiye wa mwisho anayepaswa kulilalamikia jambo hilo, maana yeye ndiye mhamishaji mkubwa. Lakini neno likiishi ugenini muda mrefu bila ya kurudi kwao, hupoteza nguvu zake, likawa sauti tu ya kupendezesha sentensi. Makusudio ya makala haya ni kulirudisha neno "dira" nyumbani kwa muda mfupi, tukione kitu kilicholizaa, kisha tuyapime matumizi yake ya siku hizi kwa kipimo cha kitu hicho.

Yafaa nianze na kosa langu mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipokuwa karani kijana katika mji mmoja wa pwani, niliombwa kutunga shairi la kusomwa siku ya kumpokea mgeni wa serikali. Nilitunga beti saba, na ubeti wa mwisho ulikuwa huu:

Dira umetuwashia, nuru yake yamulika,
Giza lililotujia, sasa limekwisha toka,
Sote tunaifatia, wala hatutapotoka,
Dira tunashangilia, siku tutapoifika.

Vina vilikaa, mizani haikupungua, na watu walipiga makofi. Jioni yake nilimkuta barazani mzee mmoja aliyepata kuwa nahodha wa majahazi. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Shairi lako nimelisikia. Lakini nina maswali machache."

"Nakusikiliza, Mzee."

"Dira yako hiyo hutiwa mafuta gani hata ikawaka?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaendelea, "Na hiyo siku mtakapoifika dira, mtakuwa mmefika wapi? Dira imo chomboni, mwanangu. Uliifika siku ile ulipopanda." Kisha akamaliza kwa upole, "Na tena umesema mnaifuata. Mimi nimekaa baharini miaka mingi, sikupata kuifuata dira. Dira tuliiangalia. Tuliyemfuata ni nahodha."

Katika maswali yale matatu mzee alikuwa amenifundisha uhakiki mzima wa neno hili. Tangu hapo nimeyasoma magazeti, hotuba na insha za vijana nikiwa na maswali yake mkononi, na nimeona kwamba kosa langu halikuwa langu peke yangu.

Chombo chenyewe

Dira ni sindano ya sumaku iliyowekwa juu ya ncha nyembamba, au kadi ya mviringo iliyotiwa sumaku chini yake, ili iweze kuzunguka bila ya kizuizi. Ikiachwa huru, ncha yake moja huelekea upande wa kaskazini. Siri hiyo watu waliijua zamani. Mtaalamu wa China, Shen Kuo, aliieleza sindano ya sumaku katika maandishi yake ya mwaka 1088, na Mwingereza Alexander Neckam aliitaja mwishoni mwa karne ya 12. Sababu yake ilieleweka vizuri zaidi mwaka 1600, William Gilbert alipotoa kitabu chake kueleza kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa.

Mabaharia Waarabu wa Bahari ya Hindi waliigawa duara ya dira katika sehemu 32, wakazipa majina ya nyota kwa mahali zinapochomoza na mahali zinapotua. Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa karne ya 15, aliyaeleza mambo hayo kwa urefu katika kitabu chake cha elimu ya bahari cha karibu na mwaka 1490. Elimu hiyo haikuwa anasa. Baharia atokaye Omani kuja upwa wetu huiona Nyota ya Kaskazini ikishuka siku baada ya siku, na akishauvuka mstari wa ikweta haioni tena. Aliyeitegemea nyota hiyo moja tu angejikuta hana cha kutegemea.

Lugha yetu nayo imehifadhi namna nyingine ya zamani ya kuzijua pande. Kaskazini ni upande wa upepo wa kaskazi, unaovuma tangu Desemba mpaka karibu na Machi. Kusini ni upande wa kusi, upepo unaoshika zamu baada ya masika. Mashariki na magharibi ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, nayo maana yake ni mahali jua linapochomoza na mahali linapochwea. Hivyo mwanafunzi anapozitaja pande nne kuu za dunia darasani, anazitaja pepo mbili na safari moja ya jua, ingawa yeye hadhani ila anajibu swali la jiografia.

Kuna mambo ambayo chombo hiki hakiwezi, na hayo ndiyo waandishi huyasahau. Dira huonyesha upande. Haimwambii nahodha yuko wapi wala anakwenda wapi. Haijui mwamba. Haijui kina cha maji. Nayo hudanganyika: ukiweka nanga au kipande kikubwa cha chuma karibu nayo, sindano huacha upande wake na kukielekea chuma. Zaidi ya hayo, kaskazini inayoonyeshwa na sumaku si kaskazini halisi, kama wanafunzi wanaosoma ramani wanavyofahamu. James Clark Ross aliifikia ncha ya kaskazini ya sumaku mwaka 1831 huko kaskazini kabisa mwa Kanada; tangu wakati huo ncha hiyo imekuwa ikihama, na sasa imesogea sana kuelekea upande wa Siberia. Mwenye dira nzuri asiyelijua jambo hilo atakwenda upande akiwa na yakini kabisa kwamba amenyoka.

Neno na jamaa zake

Neno "dira" tulilipokea kutoka Kiarabu, nalo limetoka katika mzizi wenye maana ya kuzunguka. Mzizi huo umetuletea jamaa wengi: duara, duru, na hata idara, maana asili yake ni kukizungusha kitu au kukiendesha. Katika ukoo huo yumo pia mudiri, cheo kilichojulikana sana katika utawala wa Zanzibar. Kwa hiyo mtumishi wa idara anapozungumza juu ya dira, anamzungumzia binamu yake.

Maana ya kuzunguka si ya kupuuzwa. Sindano ya dira ni ya kweli kwa sababu iko huru kuzunguka. Dira iliyokwama haiachi kuonyesha. Huonyesha sana, tena kwa uthabiti, lakini huonyesha upande uleule ambao omo ya chombo imegeukia. Hapo haina tofauti na mtu anayekubali kila asemalo mkubwa wake.

Kiswahili kina utajiri hapa ambao yafaa walimu wautambue. Kiingereza hutumia neno moja kwa chombo cha kuonyesha pande na kwa chombo cha miguu miwili cha kuchorea duara. Sisi tuna maneno mawili: cha kwanza ni dira, cha pili ni bikari. Mwalimu wa hisabati anayemwambia mwanafunzi achore duara kwa dira amempa kazi isiyowezekana. Wapo pia wanaovitaja vyombo vyote viwili kwa jina la "kompasi", na wengine hulitamka jina hilo "kampasi", ambalo sasa ni jina la tawi au eneo la chuo kikuu. Sentensi "Nimeisahau kampasi yangu" yaweza basi kuwa ya mwanafunzi wa sekondari aliyeacha kifaa chake nyumbani, au ya msomi aliyepotelewa na chuo kizima. Maneno tunayo; kinachotakiwa ni kuyatumia.

Tena kuna dira ya kwenye ramani. Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kwamba ramani iliyo kamili ina jina, ufunguo, kipimio na dira, na dira hiyo ni mshale tu uliochorwa pembeni kuonyesha kaskazini. Hapa neno limetoka katika chombo likaingia katika alama ya chombo. Na mjini msomaji atakutana na vazi la kike refu na pana liitwalo dera, ambalo wengine, hasa Kenya, huliita dira. Vazi hilo halina nasaba na sindano yetu. Ni maneno mawili yaliyofanana sauti, na mwalimu anayetafuta mfano wa jambo hilo hana haja ya kwenda mbali.

Hizo ndizo maana za vitu vinavyoshikika. Sasa tuitazame maana ya kitamathali, maana hiyo ndiyo iliyojaa katika maandishi ya kila siku, na ndiyo yenye makosa matatu aliyoyaona mzee wangu.

Dira kufanywa taa

Kosa la kwanza ni kuiwasha dira. Husomwa katika magazeti kwamba dira ya fulani "imeangaza" wilaya nzima, na katika tanzia kwamba "dira ya familia imezimika". Waandishi wa maneno hayo wana huzuni ya kweli au furaha ya kweli, wala sitaki kuwacheka. Lakini wamechanganya vitu viwili ambavyo kazi zao hazifanani. Taa humwonyesha mtu kilicho mbele yake. Dira haimwonyeshi chochote kilicho mbele. Hutumika hasa wakati macho hayafai kitu, kwenye ukungu, katika usiku usio na nyota, au mbali na nchi ambako maji yote ni sawa. Na jahazini, usiku ukiingia, taa huwashwa ili dira ionekane. Dira haitoi nuru. Huhitaji nuru ya mtu mwingine.

Tofauti hiyo humpa mwandishi nguvu mbili badala ya moja. Chukua insha ambayo kila mwalimu amepata kuisahihisha, isemayo kuwa elimu ni taa na dira ya maisha. Mwanafunzi ameyaweka maneno mawili kwa sababu yote mawili yalimjia. Mwalimu amwulize: unataka kusema nini? Ukitaka kusema kwamba elimu imekufanya uyaone mambo yaliyokuwa yamefichika, kama vile ugonjwa unavyoenea kwa maji machafu, basi andika taa. Ukitaka kusema kwamba elimu inakuwezesha kushika upande wako hata usipoona mwisho wa jambo, kama kijana anayekataa rushwa ingawa hajui atapata kazi nyingine lini, basi andika dira. Baada ya swali hilo mwanafunzi hataandika maneno yote mawili kwa mkupuo, na insha yake itakuwa imeanza kusema kitu.

Dira kufanywa bandari

Kosa la pili ni kuifika dira. "Tutaifikia dira yetu", "tumekaribia dira", "dira imetimia": sentensi za namna hii zimekuwa nyingi, na chanzo chake kinaeleweka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilitayarisha mpango wa muda mrefu uliopewa jina la Dira ya Maendeleo ya mwaka 2025; Zanzibar nayo ikawa na Dira yake ya mwaka 2020, kisha ya mwaka 2050; na Julai 2025 ikazinduliwa Dodoma Dira ya Tanzania ya mwaka 2050. Jirani zetu wa Kenya, walipoandika mpango wao uliozinduliwa mwaka 2008, walichagua neno jingine, wakauita Ruwaza ya 2030. Ruwaza ni kielelezo, sura ya kitu inayofuatwa na mtengenezaji. Watu wa makanisa nao hupenda kusema "maono". Maneno matatu yanafanya kazi moja, na kila moja lina picha yake: maono ni ya macho, ruwaza ni ya mikono, dira ni ya safari.

Mimi naliona neno "dira" kuwa chaguo jema, tena lenye unyenyekevu. Waliotangulia walikuwa na majina yao: mwaka 1967 tulikuwa na Azimio, neno la watu waliokaa wakakata shauri, mwaka 1971 tukawa na Mwongozo, neno la mtu anayemshika mwenzake mkono. Dira halisemi kwamba tumekwisha amua kila hatua, wala kwamba yupo anayeijua njia yote. Linasema kwamba tuko baharini, kwamba pepo zitabadilika, na kwamba pamoja na hayo tunataka kushika upande.

Lakini neno jema hili huharibiwa na kitenzi kibaya. Dira haifikiwi. Inayofikiwa ni bandari. Mwandishi akisema "kufikia malengo ya Dira" amesema vyema, kwa maana Dira hapo, kwa herufi kubwa, ni jina la hati, na hati ina malengo. Akisema "kutekeleza Dira" anaeleweka pia kwa sababu hiyohiyo. Akisema "kuifikia dira" ameibadilisha sindano kuwa mji. Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya vina na mizani tu. Nahodha asiyeitaja bandari yake hawezi kuulizwa kwa nini hajafika. Anayesema "tunaelekea kwenye dira" hajasema anaelekea wapi. Ametaja kifaa alichonacho mapajani. Raia anayesoma sentensi hiyo hana namna ya kupima, kwa sababu hakutajiwa idadi ya madarasa, wala kisima, wala mwaka. Mwandishi aliyelazimika kuandika "bandari" badala ya "dira" angelazimika pia kuipa bandari hiyo jina.

Pale ukutani mwa ofisi zetu dira haikukaa peke yake. Imewekwa pamoja na dhima. Dhima ni neno zito kuliko dira, ijapokuwa halipendwi sana na wasemaji. Ni wajibu ulio juu ya shingo ya mtu, mfano wa deni. Dira huelekeza, dhima hufunga. Mimi nimefanya kazi miaka mingi chini ya ubao wa namna hiyo, na naungama kwamba dira yetu niliweza kuisoma kwa moyo, lakini dhima yetu nilikumbushwa na bibi mmoja aliyekuja mara ya nne kuulizia faili lake. Yeye ubao hakuusoma. Alikaa kwenye benchi chini yake.

Dira kufanywa nahodha

Kosa la tatu ndilo kubwa, na ndilo tunalolifanya zaidi sisi washairi: kumwita mtu dira. "Wewe ndiwe dira yetu" ni sifa tamu, nayo huingia vizuri katika mizani. Lakini hebu tuipime. Dira haina nia. Haichagui safari, haichoki, haipati faida chombo kikifika wala hasara kikizama. Chombo kikipanda mwamba, hakuna anayeiweka dira kizimbani. Anayeulizwa ni nahodha. Kwa hiyo kumwita kiongozi dira ni kumsifu kwa sifa isiyomstahili na wakati huohuo kumwondolea swali analostahili kuulizwa. Kiongozi ni nahodha. Methali yetu isemayo kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama haikuzitaja dira nyingi, maana wahenga walijua kwamba ugomvi wa chomboni ni wa watu.

Upande wa pili wa kosa hili ni lawama ya "kijana asiye na dira". Lawama hii husikika majumbani, hutangazwa redioni na huandikwa katika safu za magazeti. Yaweza kuwa kweli kwa baadhi ya vijana. Lakini msafiri anahitaji vitu vingi: chombo, tanga, maji ya kunywa, na upepo. Nimewajua vijana waliokuwa na dira nzuri sana, wanajua hasa upande wanaotaka kwenda, ila wamesimama ufukoni kwa sababu hawana hata ngalawa. Kumwambia kijana wa namna hiyo kwamba hana dira ni kumwongezea tusi juu ya umaskini. Mwandishi mwadilifu ataangalia kwanza kinachokosekana, ndipo alichague neno. Jambo hili nawaomba walimu walishike sana, kwa sababu wao ndio wanaoandika maneno machache kwenye ripoti ya mwanafunzi mwisho wa muhula, na maneno hayo husomwa na mzazi kwa makini kuliko kitabu chochote.

Hapa yapasa nilitaje pia tamko "dira ya maadili", ambalo limeanza kuzoeleka katika makala za magazeti. Halina kosa la sarufi, lakini lina harufu ya tafsiri. Kwa sauti ile ya ndani inayomsuta mtu akikosa, Kiswahili kina neno lake, nalo ni dhamiri. Mtu aliyefanya uovu husutwa na dhamiri. Hasutwi na dira. Tukilitupa neno la kwetu ili tuweke picha ya kuazima, hatujaongeza chochote katika ghala letu.

Pale neno linapofaulu

Haitakuwa haki kutaja makosa tu. "Kupoteza dira" ni tamko lililofaulu, na waandishi wa michezo ndio waliolieneza vizuri. Timu iliyopoteza dira bado ina wachezaji kumi na mmoja, bado inakimbia, bado ina nguvu. Ila mipira yake haina upande. Hiyo ni picha kamili ya jahazi lenye tanga zima lisilojua kaskazini. Tamko hilo tulilinde, tena tulitofautishe na "kupotea". Anayepotea hajui alipo. Aliyepoteza dira hajui aelekee wapi. Mtu aweza kupatwa na moja bila ya kupatwa na jingine.

Vilevile, matendo mengine ya chombo hiki hayajatumiwa ipasavyo na waandishi wetu. Lile la chuma kuipotosha sindano ni hazina kwa mtunzi wa tamthilia: mtu mwadilifu ambaye nia yake haikubadilika, ila amekaa karibu mno na kitu kizito kinachomvuta. Lile la kaskazini ya sumaku kuihama kaskazini halisi ni somo kwa kila mwenye msimamo: kuna haja ya kusahihisha kipimo chetu mara kwa mara, si kwa sababu tulidanganywa, bali kwa sababu dunia yenyewe husogea. Na liko la kubisha. Chombo kinachokwenda dhidi ya upepo hakinyoki. Huenda upande huu, kisha upande ule, na mtu aliyesimama pwani aweza kudhani kwamba nahodha amelewa. Kumbe dira iko palepale mbele yake, naye anajua anachofanya. Mshairi kijana anayetafuta tashibihi mpya asiende kuiazima mbali. Bahari yetu haijaisha maneno.

Kwa walimu, basi, nina shauri moja jepesi. Mwanafunzi anapoandika neno "dira", msikate kwa wino mwekundu. Mwulizeni maswali ya mzee wangu: Je, inawaka? Je, inafikiwa? Je, inaongoza yenyewe, au yupo aishikaye? Akiyajibu, atakuwa amejifunza kwamba tamathali ya usemi ina mipaka iliyowekwa na kitu chenyewe. Na ikiwezekana, itafutwe dira halisi, hata ile ndogo ya maskauti, iletwe darasani, na kila mwanafunzi aishike mkononi na kuisogezea msumari. Kipindi kimoja cha namna hiyo chaweza kuzidi kurasa kumi za maelezo yangu.

Mzee yule nahodha amekwisha fariki. Shairi langu limo bado katika jalada kuukuu, karatasi yake imegeuka rangi, na ubeti ule wa mwisho nimeurudia mara nyingi nikitaka kuutengeneza upya. Mstari wa kwanza na wa tatu bado vinanishinda. Ule wa mwisho niliweza kuurekebisha, nao sasa unasomeka hivi:

Dira tunaangalia, bandari tutaifika.